Siku Baba Alipoligeuzia Kaburi Mgongo

Shaba ikishikwa mchana kutwa huacha harufu mkononi ambayo sabuni haiitoi kwa mara moja. Ni harufu kali, yenye uchachu kidogo, na mimi niliijua kabla sijajua kusoma, kwa sababu ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono ya baba jioni za Jumapili kule kambini, Kigoma, alikokuwa akipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa. Niliikuta tena Louisville, Kentucky, nikiwa na miaka kumi na mitatu, katika chumba cha chini cha kanisa moja la South End, ikiwa imechanganyika na harufu ya sufu iliyolowa jasho na ya kahawa iliyochemshwa mpaka ikaungua. Nataka kusimulia majira yale ya joto, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, na nasema mapema kwamba sitayasimulia kwa upole. Watu wananiambia hayo yamekwisha pita. Yamewapita wao.

Kanisa lilikuwa la Wamarekani. Wao walisali asubuhi, na sisi Warundi tuliotoka Tanzania tukapewa saa za mchana, wakishazima viyoyozi. Jumamosi tulikwenda kufanya mazoezi ya kwaya, na Jumamosi hizo hizo chumba cha chini kilikuwa cha kundi la watu wazima waliovaa sare za bluu za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Amerika, vita vilivyopiganwa yapata miaka mia na hamsini kabla ya siku zile. Walipiga muziki wa vita hivyo kwa matarumbeta ya zama hizo hizo. Mengine yalikuwa ya kuigiza, lakini mengine yalikuwa ya kale kweli kweli, yamebonyea na kunyooshwa mara nyingi, na vibonyezo vyake vililia kama mlango usiotiwa mafuta. Kilichomshangaza baba ni umbo la matarumbeta hayo. Tarumbeta tulilolizoea sisi, mdomo wake mpana hutazama mbele. Haya yalilazwa begani na mdomo ukatazama nyuma ya mpigaji, kwa sababu zamani bendi ilitangulia mbele ya jeshi, na waliotakiwa kuusikia muziki ni askari waliofuata nyuma.

Baba alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la mizigo, kupakia na kupakua maboksi. Kiingereza chake kilikuwa cha kusalimia na cha kupokea amri, basi mdomo wake nilikuwa mimi: kwa daktari, kwa mwenye nyumba, hata shuleni kwangu mwenyewe, ambako mwalimu alinisema kwa baba na mimi nikamtafsiria baba ninavyosemwa. Siku aliposhuka ngazi kwenda kutazama sauti ile ilitoka wapi, nilishuka naye. Kiongozi wa bendi, mzee mrefu aliyeitwa Bwana Wendell, mwenye ndevu alizozifuga kwa ajili ya sare, alituona mlangoni, akatukaribisha. Mpigaji wao mmoja wa sauti ya tatu alikuwa amepasuliwa goti, na kiti chake kilikuwa wazi. Baba alipewa karatasi ya nota akairudisha kwa adabu. Kambini walijifunza kwa do, re, mi. Mtu aliiimba sauti yake mpaka imkae kichwani ndipo akaruhusiwa kushika chombo. Baba aliwasikiliza wimbo mzima huku akinong'ona, na walipourudia akaingia. Walimpiga mabegani kwa furaha. Mimi nami nikapewa tarumbeta dogo la sauti ya pili, kwa kuwa baba alikuwa amekwisha nifundisha tangu nikiwa na meno ya utoto, na wapigaji wa sauti ile walikuwa wamewapungukia.

Sijawahi kumwona baba yangu na furaha kama ya majira yale ya kuchipua. Alirudi kazini amechoka, akala, kisha akakaa kitako jikoni na kitambaa, akilisugua tarumbeta mpaka mama akamwuliza kama ana mpango wa kulioa. Mama ndiye aliyetukatia sare, akipunguza mikono yangu na kuongeza kiuno cha baba. Ghalani alikuwa mtu wa kuitwa kwa mluzi. Chumbani kule chini alikuwa Zabloni, mpiga tarumbeta, na mtu akikosea alimwinamia na kumwimbia sauti yake polepole. Tulipiga kwenye bustani za Louisville, watu wakakaa kwenye nyasi wakala soseji, na hakuna hata mmoja aliyetuuliza habari ya historia. Nataka hili likumbukwe. Katika bendi ile, mpiga ngoma alikuwa na kifaa cha kusaidia kusikia nyuma ya sikio. Walikuwemo wanawake wawili waliozificha nywele zao ndani ya kofia. Walikuwemo wazee wenye vitambi ambavyo jeshi lolote duniani lingewarudisha navyo nyumbani. Wote walihesabiwa kuwa askari, nasi tukahesabiwa pamoja nao.

Mwezi wa saba bendi ilikuwa na safari: kwanza Columbus, Ohio, halafu Buffalo, New York. Habari hiyo ilimfanya baba ashindwe kulala, kwa sababu dada yake, Shangazi Anjelina, alikuwa ameletwa Kenmore, kijiji kilichopakana na Buffalo upande wa kaskazini, na hawakuwa wameonana tangu siku basi lilipomchukua kambini. Walikuwa watoto wa mama mmoja waliobaki wawili tu. Baba alimpigia simu akamwambia, dada, nakuja na tarumbeta, na binti yako anapiga pia, yaani mimi. Shangazi akalitangazia kanisa lake zima. Kila tulipozungumza naye alikuwa amempata mtu mwingine wa kuja kututazama, na mwishowe alisema wanawake wa kwaya watashona vitenge vya sare kwa ajili hiyo. Baba hakutaka kingine chochote duniani ila dada yake amwone akipiga.

Columbus tulipiga makaburini. Ilikuwa kumbukumbu ya askari waliozikwa pale, mistari na mistari ya mawe meupe yaliyofanana, na mbele yake bendera, jukwaa dogo na wageni wa heshima waliokaa kwenye viti. Hapo ni lazima nieleze desturi yetu. Kambini bendi ya matarumbeta ilikuwa ya mazishi kwanza, sherehe baadaye. Mwili ukishateremshwa, wapigaji walilizunguka kaburi, wakainamisha midomo ya matarumbeta kuelekea shimoni, wakampigia marehemu wimbo wa mwisho. Aliyelielekeza tarumbeta lake pembeni alikemewa hata kama hakukosea sauti, maana wimbo ule haukuwa wa waombolezaji. Ulikuwa wa yule aliyelala, na mtu hamwimbii mwenzake huku akitupa sauti kwingine. Baba alikuwa amewapigia wengi hivyo, wakiwemo watoto wake wawili waliozaliwa kabla yangu.

Tuliamriwa kuyatazama makaburi, tukaanza wimbo wa taratibu. Baba alipiga mwanzo wake, kisha nikamwona akigeuza shingo kutazama nyuma, kule mdomo wa tarumbeta lake ulikoelekea. Nyuma yetu kulikuwa na maegesho ya magari na vyoo vya plastiki. Nilijua atafanya nini kabla hajafanya. Alipiga hatua moja mbele ya mstari, akageuka polepole bila kukatiza wimbo, akayapa makaburi mgongo, ili tarumbeta liwaelekee wafu. Alifumba macho. Mimi nilikuwa nimebanwa katikati ya mstari sikuweza kugeuka, lakini moyoni nilisema, sawa, baba. Sijasikia mtu akipiga vizuri kuliko alivyopiga siku ile, na nimesikia wengi tangu hapo. Mbele yangu kulikuwa na uso wake wenye amani, na pembeni yake wageni wa heshima wakinong'onezana, kwa kuwa alikuwa ameipa mgongo bendera pia.

Wimbo ulipokwisha, msimamizi wa sherehe alimjia Bwana Wendell akiwa mwekundu mpaka masikioni. Bwana Wendell akanijia mimi. Hakumwendea baba, ambaye alikuwa hatua chache tu, akifuta jasho kwenye tarumbeta. Aliniambia, "Muulize baba yako kwa nini amewadharau mashujaa wetu." Nikamuuliza. Baba alishtuka kwa namna ambayo mpaka leo inaniuma. Alieleza taratibu, akisubiri nitafsiri kila kipande: kwamba kwetu anapigiwa marehemu, kwamba tarumbeta hili linapiga nyuma, kwamba asingeweza kuvipigia vyoo na kuwaacha wafu. Nikayasema yote kwa Kiingereza, nikionyesha na kwa mkono kule mdomo wa tarumbeta ulikotazama. Bwana Wendell alisikiliza huku akiyatazama magari. Kisha akasema, "Hapa hatufanyi hivyo," akaondoka.

Asubuhi yake historia ikafika. Ilikuwa imepotea miezi yote ile ya Louisville, ikapata njia usiku mmoja. Bwana Wendell alituita kando ya gari la bendi, akanieleza mimi, kwa sauti ya mwalimu mwema, kwamba kikosi wanachokiigiza hakikuwa na wapigaji weusi, kwamba kuna malalamiko, kwamba wao ni watu wa kujali ukweli wa mambo yalivyokuwa. Lakini asihofu baba yako, akasema, nafasi ipo. Nyakati zile palikuwa na watumwa waliotoroka wakalifuata jeshi, wakawa wanabeba vyombo vya jikoni. Kuna sufuria za chuma nzuri sana za wakati huo. Atatembea nyuma ya bendi akizibeba, na ikiwezekana avue viatu, itapendeza zaidi machoni. Alitabasamu, akaniambia, "Mwambie."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Neno mtumwa nilikuwa nalijua, la vitabuni kwa Kiswahili na la darasani kwa Kiingereza, lakini sikuwahi kulisema kwa mtu, na mtu wa kwanza kumwambia akawa baba yangu mzazi. Kama kuna kitu ambacho sitamsamehe mtu yeyote aliyekuwepo asubuhi ile, ni hicho. Walikuwapo watu wazima wengi pale, wanakunywa kahawa, na hakuna aliyeona ubaya wa mtoto kusimama mbele ya baba yake na kumwambia avue viatu awe mtumwa. Baba aliniuliza, "Amesema hivyo, mama?" Alipenda kuniita mama. Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Alifikiri, akasema, "Mwambie mimi nilikuwa mkimbizi. Huko kukimbia sikuigiza." Nikamwambia. Bwana Wendell akacheka kwa upole, akasema ni maigizo tu.

Kisha akanigeukia kuhusu mimi. Nilidhani nami nitapewa sufuria yangu, na nilikuwa tayari kukataa. Kumbe hapana. Wapigaji wa sauti ya pili walikuwa wachache, bila mimi nyimbo tatu zingeanguka, basi akasema mimi nivute kofia vizuri, watu hawataona. Ukweli wa mambo yalivyokuwa ukapinda pale pale, ukanizunguka, ukaendelea na safari yake. Baba asiwe askari kwa sababu ni mweusi, mimi niwe kwa sababu wananihitaji. Nilimwambia baba kwa Kirundi kwamba turudi nyumbani. Alikataa. Alisema dada yake anangoja, na gari linalokwenda Buffalo ni hili hili. Alisema sufuria amebeba nyingi, hii haitakuwa ya kwanza. Nilimkasirikia yeye pia, na njia nzima sikumtazama.

Buffalo kulikuwa na jua na upepo wa ziwani. Barabara ya bustani ilikuwa imezungushiwa kamba, na watu wamejipanga pande zote mbili. Tulianza kutembea. Baba alikuwa nyuma ya mstari wangu, miguu mitupu juu ya lami, shati limechanwa kwa makusudi na mke wa mmoja wa wapigaji, sufuria mbili za chuma zikining'inia kwenye mti begani. Nimesema matarumbeta yale hupiga nyuma. Kila nilichopiga siku ile kilimwendea yeye usoni. Nilipopunguza pumzi ili sauti isimpige, nilimsikia akiniimbia nyuma yangu, sol, sol, la, jinsi alivyokuwa akinirekebisha jikoni, nisije nikaharibu.

Kwaya ya shangazi niliiona kwa vitenge kabla sijaziona nyuso. Walikuwa safu nzima, rangi ya chungwa na kijani, na vigelegele vilipaa waliponiona mimi. Halafu vikakatika kimoja baada ya kingine. Shangazi Anjelina alikuwa amesimama mbele, mkoba mkononi, akimtafuta mdogo wake kati ya wenye matarumbeta. Macho yake yalipita juu ya wote, yakafika nyuma, yakasimama. Akainua kamba akapita chini yake, mwanamke mnene wa makamo, akamfuata baba katikati ya barabara. Nilikuwa nawasikia vizuri.

"Zabloni, tua hizo sufuria."

"Dada, niache nimalize. Ni mchezo wao tu."

"Mchezo gani? Mama yetu alianguka njiani tukikimbia, na sufuria kichwani, na wewe ulikuwa umemshika kitenge. Leo unawaonyesha hawa kwa ajili ya kupigiwa makofi?"

Baba aliendelea kutembea. Msimamizi mmoja alikuja mbio kando yangu, akaniambia nimwambie yule mama atoke nje ya kamba. Nilikuwa na tarumbeta mdomoni, nikaendelea kupiga. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kuombwa nitafsiri nikakataa. Shangazi aliichukua sufuria moja, akaitundika mkononi pamoja na mkoba wake, akaenda bega kwa bega na mdogo wake mpaka mwisho wa barabara, analia waziwazi, huku watu wakipiga makofi kwa kudhani ni sehemu ya onyesho. Mwishoni niliweka tarumbeta juu ya kiti cha Bwana Wendell, na lile la baba likabaki ndani ya gari lao. Tulilala Kenmore siku kadhaa, tukarudi Louisville kwa basi. Jumamosi baba hakushuka tena chumba cha chini. Na mikono yake ikaacha kunuka shaba.

Sasa mimi ni mkalimani wa hospitali. Kazini kwetu ni mwiko mtoto kumtafsiria mzazi. Akijaribu, anatolewa chumbani kwa heshima na mimi naitwa. Kila ninapomtoa mtoto nje, natamani nami ningetolewa kando ya gari lile. Nimesoma pia yale ambayo wajuzi wa vifungo na mishono ya sare hawakutuambia. Katika vita vile vile kiliundwa kikosi cha askari weusi hapa hapa Louisville, na kilikuwa na bendi yake. Picha yao ipo, imewekwa wazi kwa yeyote: wanaume weusi waliovaa sare kamili na viatu, wamesimama na matarumbeta yao. Wapenda ukweli wale walikuwa wakifanya mazoezi katika mji ule ule kila Jumamosi.

Mwaka huu Bwana Wendell alipata namba yangu. Alipopiga alinikuta jikoni kwa wazazi, baba anakula ugali na mboga za lengalenga. Sauti yake imezeeka. Alisema wanataka kuwaigiza askari wale wa Louisville, akamkumbuka baba, na akaanza, "Mwambie baba yako..." Nikamkatiza. Nikamwambia baba yupo hapa, na baada ya miaka yote hii ya ghalani Kiingereza chake kinatosha, amwambie mwenyewe. Nikafungua spika, nikaiweka simu mezani.

Baba alifuta vidole. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema kwa Kiingereza chake cha polepole, "Wendell, siku ile Columbus, nilikuwa nawapigia wafu. Uliambiwa?"

"Ndiyo," Bwana Wendell akasema. "Binti yako aliniambia."

Baba akamshukuru, akasema atafikiri, akakata simu. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa mara moja.

"Kumbe ulimweleza sawasawa, mama," akasema. "Miaka yote hii nilidhani ulikuwa mtoto tu, hukuyapata maneno."